Hotuba ya Mbobezi Kuhusu Baa ya Kiingereza Inayokosekana Kivukoni

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, nanyi ndugu zangu mliowahi viti vya chini ya feni: nimeombwa niseme kwa dakika 20, na kwa heshima niliyonayo kwa kamati nimekubali kusema kwa saa mbili. Wengi mnanifahamu. Wachache wasionifahamu, kosa ni lao, ila nitawasaidia: mimi ni Mbobezi wa Majengo ya Kale, daraja la kwanza, daraja nililolianzisha mwenyewe baada ya kuona kwamba taasisi zinazotoa vyeti hazina kipimo cha kunitosha. Hoja yangu ya leo ni moja, nayo ni nzito. Eneo hili la Kivukoni lina Ikulu, lina ofisi za serikali, lina mabenki, lina makanisa ya enzi za Mjerumani, lina Makumbusho ya Taifa na soko la samaki la Feri, lakini halina hata baa moja ya Kiingereza ya zamani, ile yenye fremu ya mbao nyeusi na kuta nyeupe katikati yake. Mji usio na baa ya namna hiyo una upungufu wa kiroho, na upungufu huo nimekuja kuuziba, kwa ada ambayo kamati inaijua.

Mtauliza ushahidi wangu unatoka wapi. Mtafiti makini huanza na chanzo cha msingi, na chanzo changu cha msingi ni hiki hapa: mfuniko wa kopo la biskuti za Kiingereza. Naomba upitishwe kwa adabu, msiushike na vidole vyenye mafuta ya sambusa. Tazameni nguzo zilizosimama wima, boriti zilizolala, na yale magogo yaliyokata pembeni kama mikono ya mtu aliyejishika kiuno. Tazameni ghorofa ya juu ilivyotokeza mbele kuliko ya chini, ikichungulia barabarani. Upande wa kulia, penye mlango, pameliwa na kutu, na ndiyo sababu katika hotuba hii sitazungumzia milango. Kuna watakaosema kwamba picha si jengo, na kwamba msomi wa majengo ya Uingereza ingefaa awe amefika Uingereza. Hoja hiyo naijua, na ni dhaifu. Aliyefika huliona jengo moja baada ya jingine, akachanganyikiwa. Mimi nimeliona moja tu, kwa miaka mingi, kwa ukubwa wa sahani, na kwa hiyo akili yangu haijachafuliwa na mifano mingine.

Sasa tuingie katika ujenzi wenyewe, na naomba utulivu maana hapa ndipo ubingwa wa mwanadamu ulipofikia kilele. Fundi wa Kiingereza alikata mwaloni ukiwa mbichi, maana mwaloni ukikauka hugoma na kuvunja patasi. Fremu nzima aliichonga uwanjani kwake, akazipima mbao zikiwa zimelazwa chini, kila ncha ikachongwa ulimi na kila mwenzake akatobolewa tundu, kisha kiungo kikapigiliwa kigingi cha mti, si msumari. Kila kiungo alikitia alama kwa patasi, nyingi zikiwa za mtindo wa namba za Kirumi, ili siku ya kusimamisha nyumba asije akaoanisha mguu na bega. Mbao zikapakiwa kwenye mkokoteni, zikaletwa kiwanjani, watu wakaitana, fremu ikainuliwa. Baada ya hapo pakabaki matundu makubwa kati ya nguzo na nguzo. Na haya matundu, mabibi na mabwana, yalizibwa kwa utaalamu ambao naogopa hata kuutaja mbele ya watu wa kawaida: walisimamisha vijiti, wakasuka fito katikati ya vijiti, na juu ya fito wakabandika mchanganyiko wa kisayansi wa udongo wa mfinyanzi, majani makavu yaliyokatwakatwa, na zao fulani la ng'ombe. Halafu wakapaka chokaa. Naomba mzee aliyekaa nyuma asiseme kwa sauti zao hilo ni lipi. Tuna wageni.

Naona mzee huyohuyo amesimama. Karibu, mzee wangu, lakini kwa kifupi. Anasema, nanukuu kwa faida ya wale walio mbali na kipaza sauti, kwamba nimemaliza kueleza nyumba ya babu yake ya Kariakoo. Kwamba pale Mtaa wa Sikukuu na mitaa jirani, kabla ghorofa hazijaota, nyumba ilianza kwa nguzo kuchimbiwa ardhini, zikafungwa fito kwa kamba nje na ndani, katikati pakatomewa udongo na mawe madogo, juu pakakandikwa, na mwenye uwezo akamalizia kwa chokaa ikang'aa hata usidhani ni udongo. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati wa kupitisha upepo na watu, ua nyuma wa kupikia, na baraza mbele ya kukalia na kuwasema wapitao. Amesema vizuri, na msamiati anao. Lakini amekosea, na nitaonyesha alipokosea kwa hoja za kitaaluma. Nyumba ya babu yake ni nyumba ya miti na udongo. Jengo ninalolieleza mimi ni fremu ya mbao iliyojazwa udongo. Kama hamuoni tofauti hapo, basi ndiyo maana mimi niko huku mbele nanyi mko huko.

Nitaongeza hoja, kwa sababu wengine wenu bado mnacheka. Mnasema mti ni mti. Hapana. Mwaloni ni mti wa bara, wenye heshima, unaoota taratibu kwenye mashamba ya makabaila. Mkoko unaota kwenye tope la delta ya Rufiji, miguu yake ikiwa nje, na ukikatwa hupangwa kwa unene, wembamba wakauita pau, wa kati mazio, wanene boriti, na wanene zaidi nguzo. Huo si usomi, ni biashara, na biashara yenyewe ilivuka bahari kwa majahazi hadi Ghuba, ambako vyumba vya nyumba za zamani vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti ya kwetu haikufika mbali zaidi. Yaani Mwarabu wa pwani ile alipimiwa upana wa sebule yake na mkoko wa Afrika Mashariki. Jambo hili nilitaka kulitumia kuthibitisha udhaifu wa mkoko, lakini kila nikilisema linasikika kama sifa. Isitoshe mchwa hauupendi mkoko, ambapo mwaloni sidhani kama umewahi kuulizwa na mchwa wa Dar es Salaam. Tuendelee.

Mfano ulio karibu nasi ni Boma la Kale, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive, jengo ambalo limefanyiwa ukarabati na leo lina kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Mimi hulitumia kuonyesha nidhamu ya ujenzi ya Mjerumani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko, mlango wake ni wa kuchongwa wa Kizanzibari. Kuna watu wa fitina wanaosema kwamba lilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said, aliyelikusudia kwa wageni wake alipokuwa akiujenga mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima, na kwamba Mjerumani alipoweka kituo hapa mwaka 1887 Majid alikuwa amefariki tangu 1870 na mji umeachwa nusu. Tarehe hizo ni sahihi. Lakini jengo linaweza kuwa la Kijerumani kwa tabia hata kabla Mjerumani hajafika, kama ambavyo mimi nilikuwa Mbobezi hata kabla sijasoma chochote.

Nimegusia umri, na umri ndio ngao yangu kubwa, kwa hiyo niruhusuni nipumue, ninywe maji, na niwakumbushe kwamba Mwenyekiti aliponitambulisha alisahau kutaja kwamba nimewahi kuhojiwa na redio. Sasa, baa ya Kiingereza ina umri ambao Boma la Kale haliwezi kuuota. Pale St Albans, kaskazini ya London, ipo Ye Olde Fighting Cocks, yenye pembe nane na fremu ya mbao, inayojinadi kwamba ilianza mwaka 793. Mwaka 793! Ni kweli wachunguzi wameona kwamba jengo lenyewe ni la karne nyingi baadaye, kwamba lilikuwa banda la njiwa, na kwamba lilihamishiwa hapo lilipo baada ya abasia ya pale kufungwa mwaka 1539. Guinness waliokuwa wakiandika rekodi ya baa kongwe kuliko zote wakaifuta rekodi yenyewe mwaka 2000, kwa sababu kila mwenye baa alikuwa na tarehe yake mfukoni. Lakini mimi sijali tarehe ya jengo, najali tarehe ya madai, na madai yao ni makongwe kwelikweli. Kuhusu njiwa sina la kusema. Ipo pia George Inn ya Southwark, yenye roshani ndefu za mbao, ambayo ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia, na hiyo ni ya kweli kabisa. Bahati mbaya haifanani na kopo langu.

Hapa akina dada wa safu ya tatu, ambao naona wameleta simu zao badala ya madaftari, wamenionyesha jambo. Wanasema baa nyingi za Uingereza zenye sura ya kopo langu zilijengwa na kampuni za bia miaka ya 1920 na 1930, kwa kuta za matofali, mbao zikabandikwa nje kwa urembo tu. Wanasema hata ule weusi wa mbao kwenye nyumba za kale za kweli mara nyingi ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ulioachwa huwa wa kijivu kama fedha kuukuu, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta. Wakihesabu hivyo, Boma la Kale linazipita baa hizo kwa zaidi ya nusu karne, na Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, nalo linazipita. Ahsanteni, akina dada. Mlidhani mmenikata mbawa, kumbe mmenipa. Kama Mwingereza mwenyewe anabandika mbao juu ya matofali, basi kubandika mbao juu ya matofali ndiyo mila halisi ya Kiingereza, na sisi tukifanya hivyo tutakuwa tumefuata mila kwa uaminifu usio na doa.

Na kwa hilo natua kwenye pendekezo, ambalo pia linajibu pingamizi la mchwa, la chumvi ya bahari na la unyevu unaopanda kutoka Magogoni. Tutajenga kwa matofali ya saruji. Juu ya saruji tutapigilia mbao za inchi moja, tutazipaka rangi nyeusi ya mafuta, na katikati tutapaka nyeupe. Mchwa ukila mbao, nyumba haitajua. Kwa upande wa uhalisia, nilitamani tuige duka la Liberty la London la mwaka 1924, ambalo lilijengwa kwa mbao za manowari mbili zilizovunjwa, Impregnable na Hindustan. Nikafikiria mbao za pantoni kuukuu ya Kigamboni. Kijana mmoja wa kivukoni akanieleza, kwa kiburi kisichostahili umri wake, kwamba pantoni ni chuma. Nimeliweka kando suala la meli kwa sasa.

Limebaki pingamizi ambalo wenye siasa hulipenda, nalo ni kwamba Kivukoni imeshawahi kuwa na mahali pa Waingereza pa kunywea, na hatukupewa kiti. Ni kweli. Dar es Salaam Club ilikuwa hapahapa ufukweni, jengo ambalo baada ya uhuru likawa Hoteli ya Forodhani na baadaye likaja kuwa Mahakama ya Rufani. Mnasema babu zetu hawakuruhusiwa kuingia. Huo ni upotoshaji. Babu zetu waliingia kila siku, tena kwa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, kwa mlango wa jikoni, sinia mkononi. Hakuna aliyeujua mpangilio wa ndani ya jengo kuliko wao, na kwa maana hiyo walikuwa wasanifu wa majengo, ingawa walilipwa kwa kazi nyingine.

Mzee wa nyuma amesimama tena. Mwenyekiti, kikao hiki kina utaratibu? Haya, semeni, mzee. Anasema nisome sheria za ujenzi za wakoloni. Nimezisoma, mzee wangu, au nimesikia habari zake, na kwa cheo changu ni mamoja. Mjerumani alianza na Mwingereza akaendeleza: mji ukagawanywa kanda, ufukwe huu na bustani yake ya mimea vikawa Uzunguni, kati pakawa Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi kuzitenga kanda, ikawekwa Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Na ujanja wa sheria ya Mwingereza, mzee anasisitiza, ni kwamba haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitaja aina ya jengo. Kanda ya kwanza ni ya majengo ya mtindo wa Kizungu. Nyumba za miti na udongo zikae kanda ya tatu. Kwa hiyo, anasema, ile nyumba ya Kiingereza ninayoililia, ile ya kweli yenye fito na udongo na zao la ng'ombe, kama ingebebwa na meli kutoka Uingereza ikashushwa hapa Kivukoni, afisa wa mji angeipima, angeugusa ukuta kwa fimbo, na kama angefuata sheria yake bila kuangalia mwenye nyumba, angeagiza ihamishiwe Kariakoo.

Nimelifikiria hilo wakati mkipiga makofi, ambayo nayapokea. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, afisa angemwangalia mwenye nyumba. Pili, ubora wa ukuta haukai ukutani, unakaa kwa mtu anayeueleza, na ndiyo maana ukuta wa Kiingereza umehifadhiwa, umeandikwa vitabu, umechapishwa juu ya makopo ya biskuti, ilhali ukuta wa Kariakoo umebomolewa kupisha ghorofa za maduka. Lau nyumba ya babu yake ingepata Mbobezi wa kiwango changu mapema, leo watalii wangelipa kuiona. Mzee anauliza nilikuwa wapi wakati zinabomolewa. Nilikuwa nasoma mfuniko.

Kwa utekelezaji: mbao zitatoka Keko kwa shemeji yangu, ambaye ametoa bei ya undugu, na risiti zitakuja. Mhandisi wa manispaa ameshauri, kwa maandishi, kwamba angalau paneli moja ya baa iwe ya kweli, ya fito na udongo, iwekewe kioo ili wateja waone ujenzi wa kale wa Kiingereza ulivyokuwa. Wazo ni langu, yeye ameliandika tu. Tumetafuta fundi anayejua kusuka fito, kutomea na kukandika, tukaambiwa katika mitaa hii waliobaki ni wa kuhesabika, na kwamba mmoja wao yumo ukumbini humu, nyuma, amesimama tangu saa nzima iliyopita. Mzee wangu, shikamoo. Sikukuamkia mwanzoni kwa sababu ya ukubwa wa mada. Kamati inauliza unatoza kiasi gani kwa siku. Kiasi hicho? Mwenyekiti, kiasi hicho kinazidi ada ya Mbobezi, na kitaaluma hatuwezi kumlipa fundi kuliko mtaalamu. Mzee anasema basi nikakandike mwenyewe. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba pendekezo hilo limepokelewa na linafanyiwa kazi.